Shati Lililohudhuria Ibada

Paa la kanisa liling'olewa na upepo, na kwa muda ule hapakuwa na la kufanya ila kusali kwa kompyuta. Hilo hakuna aliyelilalamikia. Lakini paa lilipigiliwa upya, mabati yakang'aa mpaka yakawaumiza macho wapita njia, viti vikafutwa vumbi na kupangwa, na Mchungaji hakurudi. Alikuwa ameshanogewa. Alihubiri akiwa sebuleni kwake, juu koti na tai, chini kaptula ya kulalia, na washirika walilijua hilo tangu siku aliposimama ghafla kumfukuza paka. Washirika nao walikuwa wamenogewa vilevile. Wapo waliosali wakimenya viazi, na wapo waliosali wamejilaza, simu imeegemezwa kwenye mto, wakijidai wamekaa.

Mtu pekee aliyelichukulia jambo lile kama kazi ya serikali ni Mzee Nidhamu. Jina hilo alipewa na wanafunzi. Alikuwa mwalimu wa nidhamu mpaka anastaafu, na alipostaafu fimbo hakuiacha shuleni, alihamia nayo kanisani, wakampa uenyekiti wa kamati ya maadili. Ndiye aliyetunga masharti ya ibada ya mtandaoni. Kila mshirika awe na dirisha lake kwenye skrini, hata mume na mke. Uso uonekane kuanzia sala ya kwanza mpaka baraka. Maiki zizimwe, maana kuna siku bwana mmoja alisahau kuzima yake na kanisa zima likamsikia akimgombeza shemeji yake kwa ajili ya sufuria. Na kwa vile maiki zimezimwa, mtu akitakiwa kutoa idhini yake, ambayo zamani aliitoa kwa kusimama na kusema "nimekubali", sasa ataitoa kwa kutikisa kichwa juu na chini mbele ya kamera. Kichwa kikitikisika, neno limekwisha, hakuna kurudi nyuma. Hayo ya kutorudi nyuma aliyasoma kwa sauti ya gwaride.

Mkewe alikuwa fundi wa kushona mapazia, mtaa mzima ukimwita Mama Mapazia. Masharti yale aliyasikia mezani kwake kabla hayajafika kanisani, na alikuwa ameshayachoka wakati wenzake ndio kwanza wanayapokea. Zaidi ya hayo, chumba chake cha kushonea, chenye mlango wake wa uani, kilikuwa kimetwaliwa. Mzee alisema anahitaji mahali tulivu pa kusalia, akaitoa cherehani mpaka kwenye ujia, akaingiza meza, kiti na kompyuta, na kila Jumapili alijifungia humo asisumbuliwe na mtu.

Yote hayo Mama Mapazia angeyameza. Lililomkaa kooni ni la binti yao.

Binti alikuwa nesi, na alikuwa na mchumba, kijana wa kuchomelea vyuma aliyeitwa Fundi Geti kwa sababu mageti ya nusu ya mtaa yalitoka mikononi mwake. Kijana alikuwa amepata kazi kwenye karakana kubwa katika mji wa mbali, na alitakiwa huko mwezi ujao. Wakiwahi kufunga ndoa, wataondoka wote wawili. Wasipowahi, ataondoka peke yake, na mapenzi ya kwenye simu kila mtu anajua yanavyoishia. Ombi la kutangaza ndoa lilikuwa kwa Mchungaji, limekamilika, limebaki kukosa kitu kimoja tu, idhini ya baba wa bibi harusi, na kanisa lao halikutangaza ndoa ya binti wa mshirika bila idhini hiyo. Fundi Geti aliwahi kudokeza kwamba wangeweza kufunga ndoa mahakamani. Binti akakataa katakata. Hakutaka kuolewa kama mtu anayetoroka nyumbani kwao. Alitaka baba yake aseme ndiyo.

"Bado naliombea," Mzee alijibu kila alipoulizwa.

Akibanwa, alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, kijana ana masizi mpaka kwenye kope. Ya pili ilikuwa shati.

Lilikuwa shati la mistari ya buluu, alilopewa siku ya kuagwa kazini, na alilipenda kuliko alivyowapenda wengi wa waliomuaga. Asubuhi moja binti alirudi kutoka zamu ya usiku, akashika pasi huku macho yanamfumba, na pasi ikaacha alama yake nzima mgongoni mwa shati. Ugomvi wa shati lile ulidumu kuliko shati lenyewe. "Msichana anayeunguza shati la baba yake, hayo ya mumewe atayafanya nini?" Mzee alisema asubuhi, akarudia mchana, na wageni wakija akawasimulia. Mama Mapazia, ambaye kitambaa hakitupi, alikata mgongo ulioungua, akang'oa vifungo na kuviweka kwenye kopo la vifungo, na upande wa mbele, pamoja na kola yake, akaufanya tambara la kufutia meza.

Tambara hilo ndilo lililomfumbua macho.

Ilikuwa Jumapili, mahubiri yamekolea, na yeye alikuwa sebuleni na simu yake imeegemea birika. Akakipiga kikombe kwa kiwiko, chai ikamwagika, akarukia tambara na kuanza kufuta. Alipoinua macho kuangalia kama kamera imemwona, akamwona mumewe kwenye dirisha lake dogo, mtulivu, Biblia mapajani, amevaa shati la mistari ya buluu. Akaangalia tambara mkononi, linachuruzika chai. Akaangalia simu. Akaangalia tena tambara, akalikunjua kabisa, kola hii hapa.

Alikwenda kugonga mlango wa chumba. Kimya. Akatoka nje, akazunguka nyuma ya nyumba, akasukuma kidogo pazia alilolishona kwa mkono wake mwenyewe, akachungulia. Kiti kilikuwa kitupu. Kompyuta ilikuwa inakihubiria kiti.

Haikumchukua muda kuelewa. Katibu wa kanisa ndiye aliyewafundisha wote kwamba programu ile inakuruhusu kuweka picha nyuma yako, upende bustani, upende kabati la vitabu, na kama si mshamba unaweza kuweka hata picha inayotembea. Wengi waliweka maua. Mzee Nidhamu yeye alivaa shati lake zuri, akaketi, akajirekodi anasikiliza mahubiri, kisha akajiweka mwenyewe nyuma yake mwenyewe. Wa mbele akiondoka, wa nyuma anabaki ibadani. Na wa nyuma alikuwa mcha Mungu kwelikweli. Alitikisa kichwa taratibu, akagusa kola, akainamia Biblia, akakaa hapo kitambo, akainuka na kutikisa kichwa tena harakaharaka kama aliyeguswa na neno, kisha akaanza upya.

Mama Mapazia akapita geti la nyuma mpaka uchochoro wa pili, kwa mziba pancha. Hakuhitaji kufika. Sauti aliisikia kutoka mbali: "Mle! Mle huyo, usimwache!" Mwenyekiti wa kamati ya maadili alikuwa amechutama juu ya tairi kuukuu, anacheza drafti kwa vizibo vya soda, anatamba kama aliyeteka nchi.

Alirudi nyumbani amekasirika. Si kwa sababu mume amekosa ibada. Angekuja tu akasema, "Mke wangu, ibada hizi zinanichosha," angemwelewa, maana na yeye zilimchosha. Lakini mtu huyuhuyu, mwezi uliopita tu, alimsimamisha kwaya mama mzima mwenye wajukuu kwa kosa la kusinzia mbele ya kamera. Alimwita kwenye kikao, akamsomea kifungu, mama wa watu akalia. Mtu huyuhuyu Mchungaji alimfanya mfano: "Mwangalieni Mzee wetu anavyosikiliza, hata jicho hapepesi!" Na wote wakamwangalia, kanisa zima, Jumapili baada ya Jumapili, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini Mzee hana shati jingine. Walikuwa wanaangalia nyuso zao wenyewe, kila mtu kwenye kadirisha kake, anarekebisha kilemba.

Hakumwambia mumewe kitu. Mzee aliporudi kwa geti la nyuma, akajifungulia chumba na kutoka na Biblia kwapani, alimuuliza tu ibada imekuwaje.

"Nzito," Mzee alisema. "Nzito sana."

Siku chache baadaye Mama Mapazia alipeleka pazia jipya kwa Mchungaji, zambarau, la kuning'inizwa nyuma yake anapohubiri ili kabati la vyombo lisionekane. Alipanda kwenye kigoda, akaanza kutia vishikizo.

"Mchungaji, lile ombi la binti yangu bado unalo?"

"Ninalo, mama, ninalo. Namngoja Mzee amalize kuomba."

"Muulize Jumapili. Mbele ya washirika."

Mchungaji akakohoa. "Kwani ameshakubali?"

"Mimi siwezi kumsemea mume wangu. Nakwambia muulize. Sharti si lake? Kichwa kikitikisika, limekwisha. Kisipotikisika, utakuwa umetua mzigo, na lawama si yako."

Mchungaji alimwogopa Mzee Nidhamu kuliko alivyomwogopa shetani, maana shetani hakuwa na kura kwenye kamati. Kumuuliza mbele ya watu, kwa kamera, bila kumtazama usoni, na bila yeye kuweza kujibu kwa mdomo, kulimvutia sana. Alisema atalitafakari. Mama Mapazia akashuka kwenye kigoda akijua limekwisha kutafakariwa.

Jumapili ikafika. Mzee akaingia chumbani, ufunguo ukazunguka, na muda si mrefu geti la nyuma likalia. Mama Mapazia akaketi sebuleni, amejitanda khanga yake nzuri. Kwenye skrini alimwona Fundi Geti ndani ya koti la kuazima, shingo imekakamaa. Alimwona binti yake na sare ya kazi, amesimama kwenye kona ya wodi, kwa sababu alikuwa zamu na alikuwa ameomba ruhusa ya kusikiliza matangazo tu. Na alimwona mumewe, mtulivu, buluu tupu.

Mchungaji alitangaza usafi wa kiwanja, akatangaza wagonjwa, akanywa maji. Kisha akasema, haraka kama mtu anayerukia maji ya baridi, "Mzee wetu, mwenyekiti wa maadili, kijana fulani ameomba kumwoa binti yako. Je, mbele ya kanisa hili, unatoa idhini yako?"

Mzee alikuwa amekwisha kuinamia Biblia.

Kanisa likangoja. Uso wa Mchungaji ulianza kung'aa jasho. Katibu alijongeza pua kwenye kamera mpaka ikajaa dirisha zima. Mzee bado ameinama. Mama Mapazia alishika ukingo wa meza na kumsihi kimoyomoyo, inuka basi, baba, inuka, hujawahi kunifaa kwa lolote Jumapili, nifae leo. Mchungaji alifungua mdomo kusema kwamba tutalisogeza mbele jambo hili, na hapo Mzee akainuka, akatikisa kichwa harakaharaka kama aliyeguswa na neno, kisha akatikisa tena taratibu, kwa uzito, akagusa kola.

Makofi yalipigwa kila dirisha bila sauti hata moja. Mioyo myekundu ikaelea kwenye skrini. Fundi Geti alitoweka, akabaki ukuta tu, kisha akaibuka akijifuta macho kwa kiganja. Mama Mapazia alicheka mpaka khanga ikamvuka bega. Alipomtafuta binti yake ashangilie naye, aliukuta uso wa binti haucheki. Ulikuwa unamtazama baba yake, unamtazama tu, kisha dirisha lake likawa jeusi. Mama akajisemea kwamba ni furaha hiyo, amekwenda kulia pembeni.

Geti la nyuma lililia tena baadaye. Mzee akatoka chumbani na Biblia kwapani.

"Ibada ya leo imenigusa," alisema.

"Hata sisi. Wewe umeguswa wapi hasa?"

"Kote." Akaketi, akawasha simu yake, ambayo Jumapili huizima kwa heshima ya ibada. Simu ikaanza kulia mfululizo kama imeingiwa na wazimu. Kisha Katibu akapiga, na sauti yake ilisikika hata bila kuwekwa spika.

"Hongera, Mzee wangu! Na unyenyekevu ule! Umeinama, umeomba kwanza, ndipo ukamtoa binti. Mume wangu amelia!"

Mzee aliiweka simu mezani polepole. Alimtazama mkewe.

"Nani amemtoa nani?"

"Wewe. Umemtoa binti yako kwa Fundi Geti. Kanisa zima limekuona."

"Sikutoa! Mimi sikuwa..." Akakatisha.

"Hukuwa wapi, baba?"

Akasimama, akaketi. "Nitakanusha. Jumapili ijayo nitakanusha mbele ya wote."

"Kanusha. Waambie kilichotikisika si kichwa chako. Wakiuliza ni cha nani, waeleze. Wakiuliza chako kilikuwa wapi, mpeleke mziba pancha awe shahidi. Na yule mama wa kwaya uliyemliza, umkalishe mstari wa mbele asikie vizuri."

Maisha yake yote Mzee alikuwa amewakamata watu wanaodanganya kwenye mitihani, na sasa alitafuta kisingizio kimoja tu kati ya maelfu aliyowahi kuyasikia, hakikuja hata kimoja. Mama Mapazia alimwangalia na kuona raha ambayo hakujua kama inamfaa mtu mzima. Aliinuka, akaenda kwenye ujia, akaishika cherehani yake na kuanza kuiburura kuirudisha chumbani kwake, miguu ya chuma inakwaruza sakafu, na Mzee hakuthubutu kumuuliza anafanya nini.

Binti aliwakuta hivyo. Alikuwa bado na sare. Aliwasalimu wote wawili, "Shikamooni," akaitikiwa na mama peke yake. Akapita jikoni, akarudi na tambara, akaanza kufuta meza mbele ya baba yake, pale ambapo hapakuwa pachafu.

"Baba, leo umependeza," alisema. "Shati lile la mistari linakukaa vizuri. Huwa linanikumbusha siku ulipoagwa."

Mkono wake ulikwenda na kurudi, na kola ikafuata nyuma yake juu ya meza. Mzee aliiona. Macho yalimtoka, akayapeleka ukutani, yakarudi yenyewe kwenye kola.

Mama Mapazia aliiachia cherehani. "Ulijua?"

"Mama, niliyeliunguza ni mimi." Binti hakuinua uso. "Jumapili iliyofuata tu nilimwona analo. Nilidhani kanunua jingine, nikaenda kuangalia kabatini, halimo."

"Sasa kwa nini hukusema? Siku zote hizo tunahangaika, kumbe ungeweza kumbana!"

"Nimbane anipe nini? Wewe umembana, ukapata kichwa cha picha." Akalikunja tambara, kola juu, akaliweka mbele ya Mzee kama sahani ya chakula. "Mimi sikuombi kanisa likubali, Baba. Wale hata hawajui kama upo. Nakuomba wewe. Ukikataa, kataa, nitakwenda zangu nikijua nimekataliwa na baba yangu na si na kompyuta. Jumapili sitasema lolote, na Mama hatasema."

Mama Mapazia alitaka kupinga hilo la yeye kutosema, maana alikuwa na mengi ya kusema na alikuwa ameshayapanga. Aliona aibu, kisha akaona hasira kwa kuoneshwa aibu nyumbani kwake. Akarudi kuishika cherehani.

Mzee Nidhamu aliliangalia tambara. Doa la chai lilikuwa pale pale ambapo zamani ulikaa mfuko wa kalamu. Shingo yake ilianza kujongea, akatikisa kichwa taratibu, na mkono, kwa mazoea, ukapanda kutafuta kola kwenye fulana ambayo haikuwa nayo.

"Hatukusikii, Baba," binti alisema. "Fungua maiki."

Mama Mapazia alicheka kwa pua kabla hajajizuia. Mzee akamtupia jicho, lile la zamani la ukaguzi, lakini lilikuwa limeishiwa nguvu.

"Nimekubali," alisema. Kisha, kwa sababu sauti ya kwanza ilikuwa imekwama, akarudia. "Nimekubali, mwanangu. Na kijana... mwambie aje. Hata kama hajanawa."

Binti alimshika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, akasema asante, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukalegea. Kisha akalichukua tambara, akaenda nalo nje kwenye bomba, akalifua kwa sabuni, akalikamua vizuri. Akalianika kwenye kamba ya mbele, ile inayoonekana barabarani, na kulibana kwa vibanio viwili, kila ncha ya kola na chake.

Jumatatu wajumbe wa kamati ya maadili walipita kumpa Mzee pongezi, mmoja baada ya mwingine, wakiinama kukwepa kamba. Mzee aliwapokea hapohapo kwenye kamba, amesimama mahali ambapo angeweza kuwaziba wasilione shati, na hakuthubutu kulianua.